Fundi Baridi Amesafiri

Mtaa mzima ulimwona Fundi Baridi akisafiri. Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na jua lilikuwa limeshaamka na hasira zake kama lililalia kaa la moto. Fundi alitoka mlangoni na sanduku kubwa la kahawia begani, anapepesuka, anaguna, anahamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile, utadhani amebeba mashine ya kusaga. Sanduku lilikuwa tupu. Ndani mlikuwa na taulo moja tu, nalo lilitiwa ili sanduku lisitoe mlio wa utupu na kumuumbua.

"Punguza kuguna," mkewe alimnong'oneza. "Watu watadhani unajifungua."

Mkewe, mtaa ulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, kwa hiyo nusu ya mtaa aliwafundisha yeye kushika penseli, na nusu iliyobaki aliwafundisha watoto wao. Asubuhi hiyo alivaa gauni la safari na kofia pana, akafunga mlango wa chuma wa mbele kwa kufuli kubwa kuliko ngumi, akalivuta mara mbili kwa nguvu ili kila anayechungulia dirishani ashuhudie.

Kinyozi alikuwa dirishani kwake anapiga mswaki. "Fundi! Safari ya wapi na mizigo yote hiyo?"

"Kwa wakwe, kijana wangu. Mama mkwe kaniita mwenyewe. Kasema nisipofika leo hali chakula."

Hatua ishirini mbele wakamkuta Mzee Stempu, karani mstaafu wa posta, kakaa nje na redio yake. Naye akauliza. "Ufukweni, mzee mwenzangu," akajibiwa. "Daktari kaniandikia upepo wa chumvi. Vidonge viwili vya upepo asubuhi, viwili jioni."

Na pale kwenye kona, Mama Barafu, muuza maji baridi, aliyekuwa anaosha ndoo zake, aliambiwa kwamba wanakwenda kwa mtoto wao mkubwa, ambaye amejenga nyumba ya vyumba vingi mpaka mwenyewe hupotea akitafuta choo.

Mwalimu alimfinya mumewe ubavuni. "Sasa sisi tunakwenda wapi hasa?"

"Inategemea nani ameuliza."

Walitembea mpaka kituo cha basi, wakasimama kidogo, wakapunga mkono kwa basi ambalo halikuwa lao, halafu wakakata kushoto nyuma ya maghala, wakapita kichochoro cha mapipa ya taka, wakaruka mtaro, wakaingia nyumbani kwao kwa mlango wa jikoni. Saa moja na dakika kumi walikuwa wamesharudi kutoka safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri Fundi Baridi.

*

Mtu asiyeishi na mafriji hawezi kuelewa kwa nini mzee mwenye akili timamu ajifiche ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ukweli ni kwamba friji huvumilia Krismasi kwa adabu tu. Siku hiyo watu wanaipakia vyungu vinavyotoa moshi, wanaibana na chupa za vinywaji mpaka kwenye kapu la mayai, wajukuu wanafungua mlango mara mia kuangalia kama keki bado ipo. Friji inakaa kimya, inasubiri wageni waondoke. Wageni wakishaondoka, siku ya pili asubuhi, joto likipanda, inasema basi, nimechoka, na inalala. Kwa hiyo siku ambayo nchi nzima inanyoosha miguu, Fundi Baridi alikuwa hana miguu ya kunyoosha. Miaka thelathini na minne alitoka nyumbani baada ya chai na kurudi jua linazama.

Mwezi wa sita alistaafu. Alibandika kibao mlangoni kwa mkono wake mwenyewe: NIMESTAAFU. Watu walikuja, wakakisoma, wakamsifu mwandiko, kisha wakamwonyesha friji iliyokuwa nyuma yao kwenye mkokoteni.

Wiki mbili kabla ya Krismasi, Mwalimu alikuwa anachambua mchele mezani. Bila kuinua kichwa akasema, "Mwaka huu sitaki zawadi. Watoto wote wako kwao, wageni hakuna. Nataka siku ya pili. Nzima. Kuanzia chai mpaka tuwashe taa."

"Nimekupa."

"Usiseme upesi hivyo. Wewe ukisema upesi huwa unadanganya."

Fundi akanyamaza muda wa kutosha kuchemsha yai. "Nimekupa," akasema polepole.

"Na yule mke mwenza wangu je?"

Mke mwenza alikuwa friji ya Mama Barafu. Ilikuwa friji ya zamani, pana, nyeupe ya meno ya mzee, yenye miaka ishirini na miwili na mlio kama mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba. Mama Barafu alifiwa na mumewe mapema, na watoto wanne walisomeshwa na hiyo friji. Miaka mitano mfululizo ilimwangukia Fundi siku hiyohiyo ya pili ya Krismasi, na miaka mitano mfululizo ilimla siku nzima. Alikuwa akirudi jioni shati limelowa chapachapa, anajitupa kwenye kiti, anasema, "Leo ilitaka kunifia mikononi, mama." Mwalimu anampashia maji ya kuoga.

"Hata hiyo," Fundi akasema. "Mwaka huu sigusi friji, siongelei friji, siulizi hali ya friji."

Mwalimu akapuliza makapi. "Ukitoka, sitapiga kelele. Sitanuna pia. Nitajua tu, basi."

Hapo ndipo Fundi alipoogopa kweli. Kelele alishazizoea na kununa alikuwa na dawa yake. Lakini hakutaka mkewe, baada ya miaka yote hiyo, ajue tu, basi. Ndiyo maana alibuni safari. Kusafiri kweli kweli Mwalimu hakutaka: alisema mabasi ya sikukuu yana viwiko vingi, na yeye hajaomba kwenda mahali, ameomba mtu.

*

Asubuhi ilipita vizuri kuliko walivyotegemea. Walifunga mapazia, wakavua viatu, wakatandika mkeka sebuleni mahali ambapo sakafu ya saruji ilikuwa na ubaridi, wakaweka tikitimaji kubwa katikati. Sheria ilikuwa moja, kunong'ona. Hawakuwa wamenong'onezana tangu enzi za uchumba, walipokuwa wanakutana nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu. Sasa Mwalimu akinong'ona "nipe kisu," Fundi anasisimka shingo.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Sema tena."

"Nipe kisu, wewe mzee."

Walicheza karata. Mwalimu aliiba karata mbili waziwazi, na Fundi, ambaye kwa desturi angeamsha mtaa, ilimbidi alalamike kwa mikono. Mikono yake ndiyo ilikuwa taabu kubwa. Haikujua kukaa. Mara akashika kidude cha kubadilishia vituo vya televisheni, akaanza kukifungua mgongo.

"Weka chini," Mwalimu akanong'ona. "Hakijaharibika."

"Nilikuwa nakiangalia."

"Niangalie mimi."

Akamwangalia. Akaona kwamba kovu dogo juu ya nyusi yake, ambalo alikuwa na hakika liko kushoto, kumbe liko kulia. Akamuuliza alilipata wapi. Mwalimu akasema aliangukiwa na kengele ya shule mwaka wa pili wa kazi, na kwamba alishamsimulia habari hiyo mara nne, na mara zote nne alijibiwa, "Enhe, na ilikuwa friji ya aina gani?"

Walicheka wakiwa wameziba midomo kwa mto mmoja.

Saa tano wakasikia nyayo kibarazani kwao. Kisha kiti kikaburutwa. Kisha sauti ya Kinyozi, karibu sana, upande wa pili wa dirisha: "Hapa ndipo penyewe, mzee. Wenye nyumba hawapo, kivuli kipo. Tandaza drafti."

Fundi na Mwalimu wakaganda kama picha. Kibaraza chao kilikuwa kikubwa kuliko vyote mtaani, na kilipata kivuli mapema. Walikuwa wamefikiria mambo yote isipokuwa hilo: nyumba ya mtu aliyesafiri ni mali ya umma.

"Ningekuwa ufukweni saa hizi kama Fundi," Mzee Stempu akasema, akipanga vizibo vyake vya soda kwenye ubao.

"Ufukwe gani? Kaenda ukweni."

"Ufukweni. Kaniambia mwenyewe. Upepo wa chumvi."

"Mzee, masikio hayo. Mama mkwe kamwita."

Wakabishana mpaka kete mbili zikaanguka. Mwishowe Mzee Stempu, ambaye alikaa posta miaka arobaini na kujua njia zote za barua, akaamua kwamba Fundi atapitia kwa mama mkwe kwanza, kisha ateremke ufukweni.

"Hilo linawezekana," Kinyozi akakubali. "Yule mzee hawezi kwenda sehemu moja kama mtu mwingine. Unakumbuka alivyotengeneza friji ya yule mwenye bucha?"

"Ile ya kuku?"

"Ile ya kuku! Friji ilikuwa na baridi mpaka kuku waliokaa miezi mitatu walitoka wanapiga chafya. Kuku sita!"

Ndani, Fundi alishika kichwa. "Mmoja," akanong'ona kwa uchungu. "Alikuwa kuku mmoja. Huyu mtoto muongo sana."

Mwalimu alijificha uso kwenye kofia yake ya safari, mabega yanamtikisika.

*

Ilipokaribia saa saba, toroli likasikika likilia barabarani, na juu yake kitu kizito kinachogongagonga. Fundi aliinua kidole. Hakuhitaji kuona. Aliutambua mgongano wa makopo yake ya kugandishia barafu, aliitambua bawaba ya chini inayokwaruza.

"Ni yeye," akanong'ona.

"Nani?"

"Mke mwenzio."

Mama Barafu alikuwa anahema. "Jamani, nisaidieni. Imegoma tangu saa mbili, na hili joto! Watu wanarudi kutoka matembezini, midomo imekauka, mimi nawauzia nini? Uji?"

"Mama, mbona unaileta huku? Fundi hayupo," Kinyozi akamwambia. "Kaenda ukweni."

"Kwa mtoto wake mkubwa," Mama Barafu akasema. "Najua hayupo. Lakini nimeona niilete tu. Labda ikifika kwa Fundi itaona haya."

Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja aliona kuna mantiki. Mzee Stempu alitikisa kichwa tu, akaongeza kituo cha tatu kwenye ile safari.

Wakaiteremsha kibarazani kwa mikono na magoti, wakaisimamisha palepale chini ya dirisha la sebule. Sasa kati ya Fundi na ile friji palikuwa na ukuta wa tofali moja na pazia la maua. Mlango wa friji ukafunguliwa.

"Loo," Kinyozi akasema. "Barafu limejaa mpaka mkono hauingii. Ona, limekuwa jiwe. Ndiyo maana haipumui. Nani ana kisu?"

Fundi aliruka kama aliyekaa juu ya siafu.

Kuna makosa mengi ambayo binadamu anaweza kuifanyia friji, na Fundi aliyasamehe karibu yote. Alisamehe vyungu vya moto. Alimsamehe hata mwanamume mmoja aliyehifadhi viatu vyake humo ili visinuke. Lakini kisu kwenye barafu hakukisamehe. Nyuma ya lile barafu kuna bati jembamba kama ganda la yai, na ndani ya bati kuna vijia vya gesi. Ncha ikiteleza mara moja tu, inasikika pssss fupi, kama mtu anayemwita mwenzake kwa siri, na friji imekwenda. Hairudi. Kwa friji ya miaka ishirini na miwili, vipuri vyake viliacha kutengenezwa kabla Kinyozi hajaota ndevu.

"Ninacho cha kukatia mkate," sauti ya Mama Barafu ilijibu.

"Kinatosha. Taratibu tu, mama. Hii ni kama kunyoa."

Kko. Kko. Kko.

Kila pigo lilimwingia Fundi mgongoni. Alisimama, akakaa. Alisimama tena, akashika mlango wa jikoni, akauachia. Alimtazama mkewe, akamwona amekaa mkekani na karata zake mkononi. Akakumbuka: nitajua tu, basi. Akarudi, akakaa mbele yake, akachukua mto, akauuma.

Kko. Kko.

"Inaachia!" Kinyozi akasema. "Ngoja niingize ncha huku nyuma, nizungushe."

Jasho lilimtoka Fundi kwenye masikio. Macho yalimjaa maji, na hayakuwa maji ya joto. Lakini hakunyanyuka. Alikuwa amesema polepole nimekupa, na alichokisema polepole hakuwa na desturi ya kukirudisha. Aliendelea kuuma mto na kuangalia karata za mkewe kama vile ni yeye wa kucheza.

Mwalimu alimwangalia mzee wake muda mrefu kidogo. Kisha akaweka karata chini, akaenda dirishani, akavuta pazia kwa mkono mmoja.

"WEWE! WEKA KISU CHINI!"

Ilikuwa ile sauti. Sauti iliyokuwa ikizima darasa la watoto sabini wakati wa mvua ya mawe. Kinyozi, baba wa watoto wawili, mwenye kibanda chake na kioo chake, aliachia kisu, akasimama wima, akaweka mikono nyuma. Mama Barafu naye akasimama wima. Hata Mzee Stempu, aliyesomea shule nyingine kabisa, alivua kofia.

"Samahani, Mwalimu," Kinyozi akasema. Halafu akili ikamrudia. "Mwalimu? Si mmesafiri?"

Kichwa cha Fundi kilitokea taratibu chini ya mkono wa mkewe, nywele zimejaa pamba ya mto. Watu watatu wakamkazia macho. Ndiyo saa ambayo mtaa wote ungesubiri kwa hamu: Fundi Baridi kabanwa kwenye kona, sasa sikia uongo utakaotoka hapo. Fundi alifungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena. Hakuna kilichotoka, hata kuku mmoja.

"Hatukusafiri," Mwalimu akasema. "Sanduku lilikuwa na taulo. Tulizunguka nyuma ya maghala tukaingia kwa mlango wa jikoni. Mume wangu aliniahidi kushinda nami leo, na hapakuwa na njia nyingine ya kumficha msimwone."

Mama Barafu alishusha macho, akavuta ncha ya kanga yake. "Yaani siku zote hizo, dada, mimi ndiye niliyekuwa nakunyang'anya mume?"

"Si wewe. Ni hiyo uliyokuja nayo."

"Basi naiondoa. Kinyozi, shika huko. Ikifa, na ife, ilishanisomeshea watoto."

"Msiisogeze!" Fundi akapata sauti. "Ikitikiswa na barafu hilo mtalipasua bati." Akamtazama mkewe. "Nimeongelea friji. Samahani."

"Nimeshakuruhusu. Sema, tuimalize. Wafanye nini?"

Fundi alikuna kidevu. Aliangalia dari. Mtu aliyemjua angeona kwamba kitu kilichomwogopesha sasa kilikuwa kipya, na kilikuwa kikubwa kuliko kisu.

"Fundi," Mama Barafu akaomba, "huwa unaifanyaje? Mimi hunituma sokoni, nikirudi naikuta nzima."

"Huwa..." Fundi akasema. "Huwa naichomoa kwenye umeme."

"Halafu?"

"Naacha mlango wazi."

"Halafu?"

"Halafu barafu linayeyuka."

Wote wakasubiri sehemu ya kazi. Haikuja.

"Lote? Lenyewe?" Kinyozi akauliza.

"Lenyewe. Masaa manne, matano hivi. Usiliguse. Likiisha, unaikausha kwa kitambaa, unaiwasha. Haina ugonjwa. Raba ya mlango imechoka tu, inaingiza joto."

Mwalimu aligeuka polepole sana. "Miaka mitano."

"Mama..."

"Miaka mitano unatoka hapa baada ya chai, unarudi jua linazama. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakaa."

"Unakaa."

"Naangalia barafu linayeyuka. Watu wakipita nawasimulia mawili matatu."

"Na lile shati? Shati lililokuwa linalowa chapachapa, nikakupashia maji na kukupikia supu ukasema mifupa inakuuma?"

"Nilikuwa nalifutia maji ya sakafuni."

Mzee Stempu akapata kikohozi cha ghafla. Kinyozi akaanza kukagua vizibo vya drafti kimoja kimoja, kwa umakini wa mtu anayetafuta almasi.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa dirisha, mgongo kwa wasikilizaji, akamkabili mumewe. Alipozungumza, alirudia kunong'ona. "Ungeweza kukaa hapa. Tuna viti."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Fundi alitazama mikono yake, ile mikubwa yenye makovu ya bati. Mtu angetegemea aifiche. "Hapa hakuna kilichoharibika," akasema mwishowe. "Ukinikuta nimekaa hapa bila kitu cha kutengeneza, utaona kwamba sina kingine. Mimi bila friji ni mzee mwenye maneno mengi, basi. Niliona afadhali unikose kuliko unichoke."

Nje, Mama Barafu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Leo nimekaa nawe tangu saa moja," Mwalimu akasema. "Bila friji."

"Ndiyo."

"Umeniibia mbegu za tikiti ukazipanga mstari kama skrubu. Umejaribu kufungua kile kidude. Umecheza karata vibaya kuliko mtoto wa chekechea."

"Wewe umeiba mbili."

"Tatu. Na hukunichosha." Alisimama, akakung'uta gauni. "Ila miaka mitano ya supu bado haijaisha kichwani kwangu, usijidanganye. Beba viti. Pitia jikoni."

"Viwili?"

"Sasa wewe unataka kusimama?"

*

Hivyo ndivyo siku ilivyokwenda. Viti viwili vilipita jikoni, vikapita kichochoroni, vikazunguka mpaka kibarazani, kwa sababu ufunguo wa lile kufuli la mbele hakuna aliyekumbuka ulipo. Friji iliachwa wazi kama mgonjwa anayeonyesha ulimi. Amri ilitolewa kwamba hakuna kisu wala maji ya moto, na atakayesogea karibu kwa kisingizio cha kusaidia atasimamishwa pembeni ya ukuta kwa mguu mmoja.

Kwanza yalidondoka matone, moja moja. Kisha kipande cha ukubwa wa kiatu kikateleza, kikaanguka, kikapasuka vipande kama sahani, na Kinyozi akaruka. Maji yalianza kutiririka kwenye saruji, baridi kabisa, yakitafuta njia kati ya miguu ya viti. Mzee Stempu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvua soksi. Alitumbukiza vidole, akatoa sauti ambayo mtu wa heshima hatakiwi kuitoa mchana. Baada ya hapo viatu vyote vikawekwa ukutani. Mama Barafu aliokota vipande safi, akavitia kwenye kikombe, akazungusha kwa kila mtu. Waliokuwa wanarudi matembezini na miavuli yao na watoto waliolala mabegani walisimama kuuliza kuna nini hapo, wakaambiwa kuna barafu linayeyuka, wakasema ahaa, na wengine wakavua viatu pia.

"Fundi, tupe ile ya bucha," mtu mmoja akaomba.

"Leo sisemi. Nina mgeni," Fundi akajibu, akielekeza kidevu kwa mkewe.

Mwalimu alikuwa ameinua gauni la safari mpaka magotini, miguu yake ndani ya maji. Hakuwa anacheka wala hakuwa amenuna. Alikuwa anaangalia barafu, kwa utulivu wa mtu anayetaka kujua ni nini hasa kilichokuwa kinamshinda kwa miaka mitano.

"Umekasirika?" Fundi akanong'ona. Hapakuwa na sababu ya kunong'ona tena, lakini alikuwa ameshaipenda.

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Sijajua. Labda mpaka mwaka mpya." Kipande kingine kikaachia, kikaanguka, maji yakawarukia wote wawili. Mwalimu alijipangusa uso kwa kiganja, kisha akavuta mguu wa kiti cha mumewe kwa kidole chake kikubwa cha mguu. "Sogea huku. Huko ulipo maji hayafiki."

Fundi akasogea.